Sabuni ya Baridi Ikigoma: Jinsi ya Kulisoma Kosa na Kuokoa Mafuta Yako

Sabuni ya baridi, ile isiyopikwa bali inayochanganywa na kuachwa ijimalizie yenyewe kwenye kalibu, ina tabia inayowachosha wengi. Kosa lililofanyika leo kwa dakika tano huonekana baada ya siku tatu, wiki mbili, au mwezi mzima, na wakati huo mtengenezaji ameshasahau alichofanya. Hapo ndipo watu wanapoanza kubahatisha. Ikiwa laini, wanaongeza kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ikivunjikavunjika, wanaongeza mafuta. Ikitoka unga mweupe juu, wanamwaga yote na kusema kazi hii haina baraka.

Sabuni inayoonekana imeharibika mara nyingi huwa katika hali moja kati ya tatu: kostiki imezidi, kostiki imepungua, au haina tatizo lolote ila bado haijamaliza kazi yake. Usiongeze kitu chochote mpaka ujue iko wapi. Karibu kila sabuni ninayoletewa "imekufa" ni ya hiyo hali ya tatu, na dawa yake ni kuiacha.

Kabla hujashika chochote

Sabuni yenye kosa ni hatari kuliko sabuni nzima, kwa sababu hujui ndani yake kuna nini. Vaa glavu, miwani ya kinga na nguo za mikono mirefu hata kama unakata vipande tu. Kostiki ikikudondokea, osha kwa maji yanayotiririka kwa robo saa au zaidi. Usipake siki wala limau kwenye ngozi iliyoungua. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo mfululizo kisha nenda hospitali, usisubiri kesho. Kumbuka pia kanuni ya kwanza ya kazi hii: kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Ukimimina maji juu ya kostiki, yanachemka ghafla na kuruka.

Kuna jambo la vyombo ambalo linatuhusu sana huku kwetu. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na kostiki inaila alumini. Ukiona mchanganyiko unatoa povu la ajabu, harufu kali, na sufuria imegeuka nyeusi ndani, hiyo ni alumini inayeyuka na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto. Zima jiko, fungua milango, toa chombo nje. Sabuni hiyo haiokolewi. Tumia stenlesi au ndoo ngumu ya plastiki yenye namba 5 chini yake, na mwiko wa plastiki au silikoni.

Rudi kwenye mizani

Kosa la sabuni hutafutwa kwenye karatasi kwanza, ndipo kwenye chombo. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki soda kinachotosha kuyageuza yote kuwa sabuni. Kwa gramu 1 ya mafuta, viwango vinavyotumika sana ni hivi:

nazi 0.183
mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) 0.176
mafuta ya ng'ombe 0.143
mawese 0.142
pamba 0.138
alizeti 0.135
zeituni 0.135
nyonyo 0.128

Tuchukue mchanganyiko wa kawaida wa kilo moja ya mafuta: nazi gramu 300, mawese 400, alizeti 250, nyonyo 50. Nazi inataka kostiki gramu 54.9, mawese 56.8, alizeti 33.75, nyonyo 6.4. Jumla ni 151.85. Hatuweki yote, tunapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka, yalinde ngozi na yafidie makosa madogo ya mizani. Inabaki gramu 144. Maji ni mara mbili ya kostiki, yaani gramu 288. Fanya hesabu hii upya kwa sabuni yako, kwa vipimo ulivyotumia kweli, si vile ulivyokusudia kutumia.

Wengi wanakwama kwenye lita. Mafuta yanauzwa kwa lita, mapishi yameandikwa kwa kilo, na mtu anaona ni kitu kimoja. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi. Ukimimina lita moja ukiihesabu kama kilo, kisha ukaweka kostiki gramu 144, mafuta yako yanahitaji takriban 140 tu kuisha yote. Ile akiba yako ya asilimia 5 imekwenda, na kostiki gramu 4 na ushee zimebaki huru ndani ya sabuni. Hiyo inatosha kuchubua mikono ya mtu. Pima kila kitu kwa gramu, maji pamoja, kwa mizani ya kidijiti. Vikombe na vijiko viache jikoni.

La pili ni jina la mafuta. Mawese na mise yanatoka kwenye tunda moja la mchikichi, lakini mawese ni ya nyama ya tunda na mise ni ya kokwa, na hesabu zake haziko karibu. Ukiuziwa mise ukapiga hesabu ya mawese kwenye mchanganyiko wa hapo juu, kostiki itapungua kwa gramu 13 na ushee, na sabuni itabaki na mafuta huru ya asilimia 13 badala ya 5. Itakuwa na mafutamafuta na itachacha mapema. Vilevile "mafuta ya kula" ya dumu lisilo na lebo yanaweza kuwa mawese yaliyochujwa, pamba, alizeti, au mchanganyiko. Ya namna hiyo sitengenezei sabuni ya kuogea, bei iwe nzuri vipi.

La tatu ni kostiki yenyewe. Kostiki nzuri ni vipande vikavu, vyeupe, vinavyogongana mkebeni kwa sauti. Inanyonya unyevu na hewa ya ukaa, na kadiri inavyonyonya ndivyo inavyogeuka kuwa magadi yasiyo na nguvu ya kutengeneza sabuni. Ile inayopimwa dukani kutoka mfuko wa kilo 25 uliokaa wazi, kisha ikafungwa kwenye kimfuko chepesi, katika unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, inaweza kuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu. Iangalie: ikishikamana mabonge au ikiwa na majimaji, iache. Ipime kwa joto pia. Gramu 144 za kostiki nzima ndani ya gramu 288 za maji hupandisha joto kupita nyuzi 70 ndani ya dakika chache. Maji yakibaki vuguvugu tu, kostiki hiyo imechoka. Kuna jaribio jingine rahisi: yeyusha kipande kidogo kabisa ndani ya nusu glasi ya maji, acha yapoe, kisha ongeza siki taratibu mpaka iwe nyingi. Kostiki safi haitoi mapovu; iliyogeuka magadi inatoa.

Hakikisha pia lebo inasema sodiamu haidroksaidi. Potasiamu haidroksaidi ni ya sabuni ya maji, inahitajika kwa uzito mkubwa zaidi, na ukiibadilisha gramu kwa gramu utapata ute laini usioganda kamwe.

Jaribio la ulimi

Hesabu ikishindwa kukupa jibu, kwa mfano kama hukuandika chochote, iulize sabuni. Subiri siku tatu tangu uimimine. Lowesha kidole, kisugue juu ya sabuni mpaka kitoke povu kidogo, kisha gusisha povu hilo kwenye ncha ya ulimi. Usilambe kipande moja kwa moja. Kama kuna kostiki huru, utapigwa papo hapo kama umegusa ncha za betri. Utalijua, halina mashaka. Kama ni ladha ya sabuni tu, mbaya lakini haipigi, kostiki imeisha. Suuza mdomo. Jaribu sehemu tatu: katikati, pembeni na chini, kwa sababu sabuni iliyochanganywa vibaya inaweza kuwa salama upande mmoja na kuchoma upande mwingine.

Ikipiga siku ya tatu usiihukumu. Ijaribu tena baada ya wiki moja. Ikipiga bado, kostiki imezidi.

Watu huniuliza kuhusu karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha asidi na alkali. Sabuni halisi ina pH ya 9 hadi 10 na kidogo juu yake, hata ikiwa nzima kabisa, na karatasi za bei rahisi hazitofautishi sabuni nzuri na sabuni yenye kostiki kidogo iliyozidi. Usipoteze pesa huko. Na usijaribu kuishusha kwa siki: unavunja sabuni na kurudisha mafuta.

Bado iko kwenye ndoo

Sasa tuanze na matatizo yanayotokea wakati bado unakoroga, maana haya yanaokoka kwa urahisi kuliko yote.

Haifikii uji, yaani haiwi nzito kiasi cha kumiminwa kwenye kalibu. Umekoroga, umekoroga, bado ni majimaji. Kama unatumia mwiko kwa sababu umeme umekatika, saa nzima si ajabu, hasa kama mchanganyiko una alizeti au zeituni nyingi. Koroga dakika tano, pumzika kumi, rudia. Kama una blenda ya mkono na zimepita dakika ishirini, gusa ndoo: ikiwa baridi, ikalishe ndani ya beseni la maji moto mpaka mchanganyiko ufike nyuzi 40 hivi. Maji mengi kupita kiasi pia huchelewesha. Wapo wanaoweka mara tatu ya kostiki. Hiyo haiharibu sabuni, inakula muda wako. Kama baada ya yote haishiki, rudi kwenye kostiki: uliisahau sehemu, au imechoka.

Imeshika uongo. Hii huwapata wanaotumia mawese mengi au mafuta ya ng'ombe. Mchanganyiko unakuwa mzito ndani ya dakika mbili, unafurahi, unamimina, na kesho yake kuna tabaka la mafuta juu na majimaji makali chini. Kilichotokea ni kwamba mafuta yaliganda kwa baridi, hayakuungana na kostiki. Mawese yanaanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi 35, na maji ya kostiki uliyoyaacha yapoe usiku kucha yanayashusha hapo mara moja. Namna ya kutambua: uji wa kweli unang'aa na alama ya mwiko inakaa juu yake, uji wa uongo umefifia, una chembechembe, na ukiupasha joto unarudi kuwa majimaji. Mafuta na maji ya kostiki yote yawe kati ya nyuzi 35 na 45 kabla ya kukutana.

Imeganda ghafla. Umeweka harufu, na kufumba na kufumbua mwiko umesimama wenyewe. Mshukiwa wa kwanza huku kwetu ni karafuu. Yugenoli, kiini cha harufu ya karafuu, inaichochea kostiki vibaya sana, na mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kutoka vijiti vya karafuu huko Wawi, Pemba, yamejaa yugenoli. Mdalasini una tabia hiyo hiyo. Sisemi uache karafuu. Sabuni ya karafuu ina soko lake na ina heshima yake. Weka gramu 5 tu kwa kilo ya mafuta, usizidishe. Chota sehemu ya mafuta ya kawaida ya mapishi, changanya na karafuu humo, kisha mimina uji ukiwa mwepesi bado, ukoroge kwa mwiko na si kwa blenda. Kalibu iwe tayari pembeni. Mchaichai na mkaratusi ni watulivu zaidi. Pafyumu za dukani ndizo usiziamini: zile za nguo na za mwili nyingi zina spiriti, na spiriti huifanya sabuni igande vilevile. Jaribu kwanza kwenye gramu 100 za mchanganyiko.

Ikishaganda ndani ya ndoo usiipige teke. Haijaharibika. Isukumie kwenye kalibu kwa mwiko, igonge chini ili hewa itoke, ifunike. Itapata joto, italainika kidogo na kujikusanya. Itakuwa na sura mbaya na itasafisha vizuri. Ikiwa imeshindikana kabisa kuingia kwenye kalibu, acha humo humo na ufuate njia ya kuipika upya iliyoelezwa mbele.

Imefanya punje punje. Harufu imejishika na baadhi ya mafuta na kutengeneza vichembe vidogo. Piga blenda kwa nguvu dakika moja au mbili. Mara nyingi vinaisha, ila sasa una uji mzito, kwa hiyo mimina haraka.

Iko kwenye kalibu

Saa za kwanza kumi na mbili ndizo saa za joto. Kostiki inakula mafuta na joto linapanda lenyewe. Sehemu ya katikati inakuwa ya rangi nzito na yenye kung'aa, kama jeli. Hii ni hali ya kawaida. Ukikata ukakuta duara la rangi nzito katikati na pembeni rangi nyepesi, jeli iliishia njiani. Ni suala la sura tu. Ukitaka rangi moja, ama funika kalibu kwa taulo ili joto lifike hadi pembeni, ama iweke penye baridi na feni ili jeli isianze kabisa.

Joto likizidi, juu panapasuka mstari mrefu, au sabuni inavimba na kutambaa nje ya kalibu. Asali, sukari, maziwa na tui ndivyo vinavyochochea, na kalibu la mbao lililofungwa blanketi mchana wa Februari halihitaji msaada. Ondoa kifuniko, peleka mbele ya feni, bonyeza ufa kwa mkono wenye glavu uji ukiwa bado laini. Ikiwa inamwagika, irudishe kwenye ndoo, ikoroge mpaka ishike tena na uimimine upya. Mwenye kutumia asali asizidishe kijiko kimoja cha chakula kwa kilo ya mafuta.

Mafuta yakielea juu ya kalibu, tofautisha. Filamu nyembamba ya mafuta asubuhi ya kwanza mara nyingi hunywewa yenyewe ndani ya siku mbili, iache. Tabaka la unene wa kidole, na chini yake majimaji, huo ni mtengano. Kabla ya saa 24, rudisha kila kitu ndani ya ndoo, hata majimaji, kwa sababu ndiyo kostiki yenyewe. Pasha taratibu mpaka nyuzi 45 na piga blenda mpaka uji wa kweli. Ukimwaga yale majimaji ukidhani ni uchafu, umemwaga nusu ya sabuni yako na huwezi tena kujua hesabu.

Laini, haikatiki. Umefika siku ya pili na kisu kinatoka na sabuni. Fanya jaribio la siku ya tatu. Isipopiga na haina mafutamafuta, ni maji au hali ya hewa. Wakati wa masika ukanda wa pwani sabuni ya alizeti nyingi inaweza kuhitaji siku tano au wiki nzima ndani ya kalibu. Kuitoa kwa urahisi, iweke kwenye friza kwa muda wa saa tatu. Safari ijayo punguza alizeti, ongeza nazi au mawese, na yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila kilo ya mafuta ndani ya maji kabla hujaweka kostiki. Ikiwa ina mafutamafuta vidoleni na hesabu inaonyesha kostiki imepungua, ipike upya.

Imeshakatwa, iko kwenye rafu

Unga mweupe juu ya sabuni unawatisha watu kuliko jambo lolote, na ndio usio na madhara. Kostiki iliyokuwa juu ikakutana na hewa kabla haijamaliza kazi, ikawa magadi membamba. Unakaa juu tu. Upitishie mvuke wa birika, au ukwangue kwa kisu. Kuuzuia: funika uji kwa nailoni inayogusa uso wake mara tu ukishamimina, na usiweke maji kupita mara mbili ya kostiki.

Weupe ulio ndani ni habari nyingine. Ukikata ukaona madoa meupe makavu, yaguse kwa jaribio la ulimi: yasipopiga ni mafuta mazito yaliyoganda kabla ya kuchanganyika. Ukiona vishimo vyenye tone la majimaji, au unga unaopiga, hiyo ni kostiki iliyojikusanya sehemu moja bila kuchanganyika. Sabuni hiyo isitoke nyumbani. Ipike upya.

Inavunjikavunjika kwenye kisu. Hapa watu hukimbilia kusema kostiki imezidi, na mara nyingi sivyo. Sabuni yenye nazi nyingi inakuwa ngumu mapema; ya nazi tupu inatakiwa kukatwa ndani ya saa kumi na mbili au hata kabla, ikiwa bado vuguvugu. Ukisubiri siku mbili inapasuka kwa mistari. Jaribu ulimi. Isipopiga, kosa ni saa yako, si kostiki. Ikipiga, nenda kwenye hesabu ya kuiokoa.

Inatoa jasho. Gliserini haitolewi kwenye sabuni ya baridi kama viwandani, na gliserini huvuta maji ya hewani. Matone yanayoonekana asubuhi za Aprili si kosa. Panga vipande visigusane, weka feni, na usifunge kwa plastiki. Lakini onja tone moja kwa njia ile ile ya kidole, maana tone linalopiga si jasho.

Madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta mabovu: haya ndiyo ninayoyachukia, kwa sababu huja baada ya miezi, wakati mwingine sabuni ikiwa imeshafungwa vizuri na lebo juu. Mafuta huru yameanza kuoza. Alizeti ya kawaida huathirika haraka kuliko nazi au mawese, na huharakishwa na chuma: rafu ya waya yenye kutu, maji ya kisima yenye madini, chombo kilichokwaruzika. Kausha sabuni juu ya mbao au karatasi safi, alizeti isizidi robo ya mafuta, tumia mafuta yaliyofunguliwa karibuni, na usipandishe ile akiba juu ya asilimia 5 kwa kudhani unaipenda ngozi ya mteja. Maji yawe yaliyotoneshwa, yaani yaliyopatikana kwa kukusanya mvuke. Ukiyanunua kwenye kituo cha mafuta ya gari, soma lebo kwa makini, maana kinachoitwa "maji ya betri" wakati mwingine ni asidi.

Rangi kugeuka nitapita haraka. Rosela inakuwa ya udongo, majani ya mwarobaini yanaanza kijani na kuishia kahawia, vanila inakuwa chokoleti, manjano na wekundu wa mawese hufifia kwenye jua. Kostiki haibembelezi maua. Matunda mabichi kama parachichi au papai yasizidi kijiko cha chakula kwa kilo, yasagwe laini kabisa, la sivyo utakuta vitone vya kuvu.

Kuipika upya

Hii ndiyo njia ya kuokoa sabuni yenye kostiki iliyozidi, iliyopungua, au iliyojikusanya sehemu sehemu, na hesabu yake si ya kubahatisha.

Kostiki imezidi na unajua kwa kiasi gani: tuseme uliweka gramu 170 badala ya 144 kwenye mchanganyiko wetu. Gawa 170 kwa 0.95, unapata 178.95. Toa 151.85 zilizohitajiwa na mafuta uliyokwisha weka, inabaki 27.1. Gawa kwa kiwango cha mafuta unayotaka kuongeza. Kwa alizeti, 27.1 kwa 0.135 ni gramu 201. Kwa nazi, 27.1 kwa 0.183 ni gramu 148. Ongeza hayo na akiba yako ya asilimia 5 imerudi.

Kostiki imepungua: uliweka 120. Zinapungua 24. Yeyusha gramu 24 ndani ya gramu 50 za maji na uongeze wakati sabuni imelainika. Ukiwa huna hesabu kabisa, usiongeze kostiki hata kidogo. Ongeza mafuta tu, gramu 30 kwa kila kilo ya sabuni, pika, jaribu kwa ulimi, na kama inapiga ongeza tena 30.

Kwenye jiko mambo ni mepesi. Vaa glavu, paruza sabuni yote kwa kikwaruzo cha stenlesi, iweke kwenye sufuria ya stenlesi iliyokalishwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka taratibu. Ongeza maji gramu 60 hadi 100 kwa kilo, pungufu kama sabuni ni ya juzi, zaidi kama ni ya mwezi. Funika. Usikoroge kila dakika, utaijaza mapovu. Geuza kila robo saa. Ikishalainika weka nyongeza yako ya mafuta au kostiki, koroga mpaka iungane. Baada ya saa moja au mbili itaanza kupenya nuru pembeni na kuwa nzito ya kuvutika. Chukua kidogo, ipoe, jaribu ulimi. Isipopiga, weka harufu, ipakue kwa mwiko kwenye kalibu na uigonge mezani kwa nguvu. Haimiminiki kama uji, na uso wake utakuwa na mabonde. Ikate kesho yake.

Hata iliyopikwa inahitaji kukauka wiki nne, na ile ya baridi wiki nne hadi sita. Pwani wakati wa mvua ongeza mbili. Usihesabu siku tu: pima kipande kimoja kila wiki kwenye mizani ile ile. Uzito ukisimama wiki mbili mfululizo, imekomaa.

Zisizookoka

Iliyogusa alumini, iliyooza yenye harufu, na ile ambayo hujui hata aina ya mafuta wala ya kostiki iliyotumika. Iliyooza kidogo inaweza kufulia matambara na kusugulia sakafu. Yenye kostiki iliyozidi na ambayo huna nguvu ya kuipika inaweza kusafishia banda au sinki, kwa glavu, mbali na watoto, na ndani ya chombo kilichoandikwa. Isiwekwe kwenye kisahani cha sabuni bafuni hata kwa siku moja, kwa sababu mgeni haulizi. Kabla hujaiweka pembeni chukua daftari uandike tarehe, uzito wa kila kitu kama mizani ilivyoonyesha, siku uliyoifungua kostiki, duka ulikonunua mafuta, joto la vyote viwili vilipokutana, dakika hadi uji, na hali ya hewa. Kata kipande kimoja cha kila mchanganyiko, kifunge kwa karatasi chenye tarehe yake, na ukiweke kabatini mwaka mzima.